Kadi ya Kiwandani ya Mtoto Asiyezaliwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama kwenye geti la kiwanda cha betri za magari alichofanyia kazi marehemu mume wangu, Mbonea, kwa miaka kumi na tisa. Kiwanda hicho kilibomolewa zamani. Katika ndoto kilikuwa kizima, na moshi wake ulikuwa ukishuka chini badala ya kupanda.

Mkononi nilishika fomu ya kliniki ya mjukuu wangu Nambua, ambaye ana mimba ya miezi sita. Fomu hiyo ni ya kweli. Tuliijaza juzi mezani kwangu. Swali mojawapo liliuliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kufanya kazi na risasi, madini yale mazito ya kijivu yanayoyeyushwa kutengenezea betri. Nambua alinisomea. Nilimjibu, "Andika hapana." Akaandika.

Getini pana mashine ya kutoboa kadi za wafanyakazi. Kando yake ameketi msimamizi wa zamu. Ni kipande cha risasi, kikubwa kama matofali mawili, na kimevaa tai.

"Shikamoo, mama," kinasema.

"Marahaba. Keti wima."

"Siwezi, mama. Mimi ni mzito."

Mbele yangu amesimama mtoto mchanga. Ninamtambua kutokana na picha ya tumbo la Nambua iliyopigwa kliniki, kwa maana yuko vilevile: amejikunja, kidole kinywani, rangi nyeusi na nyeupe tupu. Amevaa ovaroli ya Mbonea. Mikono ya ovaroli imekunjwa mara tisa.

"Huyu hajazaliwa," ninasema. "Anatafuta nini hapa?"

"Anaingia zamu ya saa moja asubuhi. Kadi yake ipo tangu mwaka wa sabini na nane."

"Mwaka huo hata mama yake alikuwa hajazaliwa."

"Basi amechelewa sana," linajibu lile pande la risasi, na kuandika kitu.

Ovaroli inakohoa. "Mama, mimi unanifahamu. Kila Jumamosi uliniloweka katika karai lile lile ulilomwogeshea binti yako Nakiete, mama yake Nambua."

"Nililiosha karai kwanza."

"Ulilisuuza, mama."

Nageuka ili nisiendelee kubishana na nguo, na geti limekuwa jiko langu. Mbonea ameketi kwenye kigoda, nywele zake zimejaa vumbi la kijivu. Anatoa mfukoni pakiti ya maziwa yenye pembe tatu. Kiwanda kilimpa kila mfanyakazi pakiti moja kwa siku, ainywe palepale. Walisema inasafisha kifua. Mbonea hakunywa hata moja. Zote alizileta nyumbani, zikiwa na vumbi la mfuko wake, na Nakiete alizifungua kwa meno.

"Nilipaswa kunywewa kulekule," pakiti inalalamika.

"Nyamaza wewe," anasema Mbonea. "Ninywe maziwa peke yangu, mtoto akinywa chai ya rangi?"

Kisha ananitazama. "Mama Nakiete, na rula je? Umemwambia Nambua habari za rula?"

Nakiete hakushika jedwali la kuzidisha. Nilikuwa mwalimu, na mtoto wangu alikuwa wa mwisho darasani. Nilimpiga vidole kwa rula kila jioni kwa miaka mitatu, nikiamini ni uvivu; sikujua bado kwamba vumbi la risasi hudumaza akili ya mtoto.

Msimamizi anaingia jikoni bila kubisha hodi. Anafungua zipu ya ovaroli. Ndani ya mtoto mna ukumbi mrefu wenye milango pande zote mbili. Milango yote ipo. Baadhi imemiminiwa risasi katika tundu la ufunguo.

"Sisi hatubomoi, mama," anaeleza. "Hatung'oi hata bawaba. Tunaziba tu. Anayerithi nyumba anaweza kuirithi na milango ilivyo."

"Izibueni."

"Mingine hulegea, kama mtu akiangalia mapema. Lakini hapa pameandikwa 'hapana'. Nani atahangaika kuangalia milango ambayo haikuzibwa?"

Ananionyesha fomu. Mwandiko ni wa Nambua, ila sauti inayotoka ndani yake ni yangu.

Mtoto anatoa kidole kinywani. "Bibi," anauliza kwa adabu, "na mimi nitapigwa rula?"

Nanyosha mkono kuinyakua kadi yake. Mashine inaiwahi. Inalia mara moja tu, *kachi*.

Niliamka. Nambua alikuwa amekwisha kuvaa. "Bibi, fomu iko wapi? Nachelewa kliniki."

Fomu ilikuwa mezani, na juu yake picha ya mtoto. Nilichukua kalamu, nikakata lile "hapana", nikaandika "ndiyo". Chini yake niliandika jina la Mbonea, kisha langu: *mke wake, aliyefua nguo zake*.

Nambua aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Katika pembe yake palikuwa na tundu moja dogo, la mviringo, lililokatwa vizuri sana.

"Bibi, nani ametoboa picha ya mtoto?"

"Keti kwanza," nilimwambia. "Nikueleze habari za maziwa."