Kilichofunikwa Kawa

Ngala hakuwa ametimiza miaka mitatu, na tayari Mjambere yote ilimjua kwa kazi. Alifagia uani kwa kifagio kilichokatwa kipimo chake, ingawa kuku walisafisha zaidi kuliko yeye. Mawingu yakitanda, aliburura mkeka wa mihogo iliyoanikwa hadi mlangoni, akirudi kinyumenyume, makalio nje, akihema kama hamali wa Kilindini. Nyanya yake, ambaye Ngala alimwita Hawe kama watoto wote wa Kigiriama, ndiye aliyeanza kumtumatuma tangu alipojua kusimama. Kafedha, mamake, hakubisha. Ile mikono midogo ilimfaa, hasa baada ya kujifungua Dorcas.

Kazi ambayo Ngala aliipenda kuliko zote ni kupeleka chakula kwa Philister.

Philister na mumewe Justus walikuwa watu wa bara, wametoka pande za Kisumu. Justus alikuwa akipakua shehena za meli za vita bandarini, akitoka alfajiri na kurudi usiku. Mwezi uliopita walimzika mtoto wao wa kwanza. Aliishi wiki moja tu, homa ikamchukua. Dorcas alizaliwa katika wiki iyo hiyo. Basi kila mchana Kafedha alipakua mihogo ya nazi, akaifunika kwa kawa la ukindu, akaiweka kizingitini, na Ngala akajua kuwa kilichofunikwa kawa ni cha Philister. Alikikumbatia, akaenda nacho tumbo mbele, na akifika alisema maneno aliyofundishwa: "Mama kasema pokea."

Mbona Kafedha hakwenda mwenyewe? Aliwaambia watu kuwa ana mtoto mchanga, hana nafasi. Uongo mtupu! Nyumba ya Philister ilikuwa pale pale, nyuma ya minazi, ungeweza kuomba chumvi bila kuinuka kitini. Kweli ni kwamba aliona haya. Angesimamaje mbele ya mwanamke yule na mtoto mgongoni, hai, akilia kwa nguvu zake zote? Angemwambia nini? Basi akamtuma asiyejua haya.

Siku hiyo Hawe alikuwa shambani. Kafedha alimlaza Dorcas juu ya kimkeka mlangoni, penye upepo. Ulikuwa msimu wa maembe, na nzi walikuwa hawana adabu. Akatafuta kitambaa cha kumfunika, vyote vilikuwa vimefuliwa na bado vibichi. Akachukua kawa, akalisimamisha juu ya mtoto, likamfunika uso na kifua vizuri kabisa. Akajiona mwerevu.

"Ngala, mwangalie mdogo wako," akasema, akachukua debe, akaenda kisimani.

Kisimani wanawake walikuwa wengi na maneno yalikuwa matamu. Akachelewa kidogo.

Aliporudi, kimkeka hakikuwapo. Dorcas hakuwapo. Hata kawa halikuwapo.

Debe likamponyoka, maji yakamwagika miguuni na hakuyahisi. Aliingia ndani, akainama chini ya kitanda, akapekua hata ndani ya chungu, kana kwamba mtoto angeweza kukaa chunguni. Akatoka tena. Hapo ndipo alipouona mchirizi mchangani, mpana, laini, kama wa kitu kizito kilichojiburuta kikaenda zake.

Chatu. Juzi tu chatu alimmeza mbuzi wa Mzee Ngumbao kule bondeni. Kafedha alifungua mdomo apige ukemi, sauti ikakataa kutoka. Akaufuata mchirizi mbio, akijikwaa, hadi penye minazi, na hapo akaona kitu kingine: nyayo ndogo ndogo kando ya mchirizi, visigino vikitangulia.

Kinyumenyume. Makalio nje.

"Mungu wangu," alisema.

Akainua macho. Mchirizi ulikwenda moja kwa moja hadi kwa Philister. Na mlango wa Philister, ambao mchana kutwa huwa wazi, ulikuwa umefungwa. Barazani aliketi Ngala, amevaa kawa kichwani kama kofia, anakula ndizi.

"Nimepeleka," alisema kwa furaha. "Philister kapokea."

Kafedha akaugonga mlango kwa ngumi mbili.

"Philister! Nipe mwanangu! Fungua! Wallahi nitauvunja mlango huu!"

Komeo likavutwa, taratibu mno, na Philister akasimama pale, Dorcas yuko mikononi mwake, amelala. Kafedha alimnyakua.

"Kwa nini umefunga mlango? Eh? Kwa nini umefunga?"

"Ningemrudisha, Mama Ngala. Haki ya Mungu, ningemrudisha. Nilisema tu nimshike kidogo kwanza."

Kafedha hakusikia. Akaketi kitako barazani, akatoa ziwa ampe mtoto. Dorcas akageuza uso. Akampa tena. Dorcas akafumba mdomo, akapiga mwayo. Tumbo lake lilikuwa limejaa, gumu, na kidevuni palikuwa na tone jeupe.

Kafedha alilitazama tone lile. Kisha akamtazama Philister. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, pande zote mbili.

"Alilia," Philister alisema. "Alilia, na maziwa yakaja yenyewe. Hayajakauka, dada. Kila asubuhi nayakamua chini, na kila asubuhi yamerudi. Yananiuma."

Kafedha alikuwa ameandaa matusi ya kutosha mtaa mzima. Mwezi mzima alikuwa akimletea mwanamke huyu mihogo kwa mkono wa mtoto, akajihesabu jirani mwema, na wala siku moja hakuja kumuuliza maziwa yake anayafanya nini. Yeye mwenyewe, mwenye matiti kama hayo! Aibu ilimpanda usoni, nzito kuliko woga wa chatu.

Philister alikuwa bado amesimama, mikono wazi, kama ambaye hajui aiweke wapi.

Kafedha akajisogeza, nafasi ikapatikana barazani.

"Keti," akasema. Philister hakuelewa. "Keti, dada. Hajacheua bado."

Na akamlaza Dorcas begani kwa Philister.