Jiko la Milango Minne

Nilisimama darasani nikatangaza kwamba floor yetu hapa Kware inatoa kaboni nyingi kuliko floor zote tulizopima. Nilipigiwa makofi, na lec, mwalimu wetu, akasema Jumatatu nitaongea mbele ya college nzima.

Nilikuwa nimegonga milango minne siku moja, hata wetu, na kila mlango nikakuta jiko limewaka. Nikaandika mikebe miwili ya makaa mara nne.

Jioni nyumbani nikamwonyesha mathe, mamangu, hesabu. Akasoma polepole, kisha akamwita jirani.

"Mama Mitchelle, kuja uone. Huyu msomi amehesabu jiko lako mara nne."

Mama Mitchelle akanigeukia. "Wee Kathini, kwani hukuona ni lilelile, mguu mmoja umekatika?"

Kumbe mmoja akimaliza ugali anampitishia mwenzake jiko, na moto ni uleule. Mimi na karatasi zangu tulikuwa tunaufuata tu kwa corridor. Nimekula chakula cha hilo jiko tangu nizaliwe na sijawahi kuuliza moto unatoka wapi.

Nimempigia lec nikakiri. Amecheka sana, lakini Jumatatu bado naongea. Mathe anasema nibebe jiko kama ushahidi, ila lirudi kabla ya saa sita, Mama Mitchelle hajaanza kupika.