Gurudumu la Mbele, Upande wa Kushoto

Mwaka uliofuata kumalizika kwa vita, Gharib Aidarus wa Kibokoni alinunua gari jeusi kwa Mzungu mmoja mwenye kampuni ya kupakua shehena Mbaraki, akaligeuza teksi. Lilikuwa gari zuri, ila breki zake zilikuwa zikilia. Kila liliposimama lilitoa mlio mwembamba uliowakunja abiria nyuso, na bibi mmoja wa Kuze alishuka kabla hajafika kwake akasema afadhali atembee.

Jumapili asubuhi Gharib aliamua kuzitengeneza mwenyewe. Kando ya nyumba yake palikuwa na kiwanja cha kutosha gari na kamba ya kuanikia nguo. Alimwomba mkewe, Mwanarusi, atembee ubavuni mwa gari huku yeye akiliendesha polepole na kukanyaga breki. Mwanarusi alijifunga leso vizuri, akainamisha kichwa, akasikiliza gurudumu moja baada ya jingine.

"Ni hili la mbele," akasema. "La kushoto. Hayo mengine yamenyamaza."

Gharib aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki, akalitoa lile la kushoto. Kisha akaligonga kwa ubao lile bakuli la chuma linalofunika breki mpaka likaachia. Ndani mlijaa vumbi jeusi, laini kama unga. Alilifuta kwa kitambaa kilicholowa ili lisiruke, akarudisha kila kitu mahali pake, akaendesha hadi mwisho wa kiwanja.

Mlio haukwisha. Ulibadilika tu, ukawa kama wa mtu anayesafisha koo.

"Afadhali," alisema Mwanarusi.

Gharib akafungua tena. Safari hii aliona kwamba vile vitambaa vigumu vinavyobana chuma vilikuwa viking'aa kama sahani ya kauri. Breki iking'aa huteleza, na ikiteleza hulia. Alivisugua kwa msasa mpaka vikakwaruza mkononi, akavichonga ncha kwa tupa. Alipojaribu, gari lilisema maneno, lakini hayakufahamika. Akabadilisha springi moja iliyolegea. Baada ya hapo gari lilisimama bila ya mlio wowote, na kwenye gurudumu la kushoto sauti ya kijana wa kiume ikasema, taratibu na wazi:

"Bwana, nipo hapa."

Gharib akalirudisha gari nyuma, akakanyaga tena.

"Bwana, nipo hapa."

"Sasa yasikika vizuri," alisema Mwanarusi. "Lakini si mtu wa hapa mjini. Asema kama Mgiriama."

Gharib alikusanya spana zake akazifunga kwenye gunia. Breki zilikuwa zimepona, na kilichobaki hakikuwa kazi ya spana. Akanawa mikono kwa mchanga na sabuni, akaingia ndani kula.

Kesho yake, alipokuwa akilitoa gari, alisimama kumpisha Nyevu. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyevaa hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, akitembeza muhogo na mboga ya mnavu mitaani baada ya kutoka sokoni Marikiti, na Mwanarusi alikuwa mnunuzi wake wa miaka mingi. Gari lilisema lililosema. Nyevu akatua kapu lake chini.

"Huyo ni Tsuma," akasema.

Mwanarusi alitoka mlangoni akamshika mkono, maana alimjua Tsuma kwa habari. Alikuwa mwana wa pekee wa Nyevu, kuli wa Mbaraki, na wakati wa vita alikutwa amekufa kando ya njia ya bandarini. Polisi walisema alilewa tembo akalala barabarani, akakanyagwa na gari lisilojulikana. Tsuma hakuwa akinywa. Hata harufu ya tembo ilikuwa ikimtapisha. Neno hilo la ulevi ndilo lililomuuma Nyevu kuliko kifo chenyewe, kwa sababu kwao Kaloleni watu walizika haraka na kuondoka bila ya kumtazama yeye mama usoni.

"Gari hili ulilipata kwa nani?" aliuliza.

"Kwa mwenye kampuni ya shehena."

"Ndiye aliyekuwa bwana wake." Nyevu alilitazama gurudumu. "Mtu aliyelala husema nipo hapa?"

Gharib alimfungulia mlango, akampeleka kituo cha polisi.

Afisa alitoka nje akiwa bado anafunga mshipi. Alimtaka Gharib aende na kusimama, kisha aende tena na kusimama tena, naye akasikiliza kwanza kwa mbele na halafu kwa ubavuni, mikono nyuma. Hakubisha.

"Ni yeye," alisema. "Lakini marehemu alikuwa amelewa, hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Na maneno ya mtu aliyelewa hatuyapokei kuwa ushahidi."

"Hebu sikiza tena, baba," alisema Nyevu. "Hiyo ni sauti ya mlevi?"

"La, mama. Si ya mlevi." Afisa alionekana kusikitika. "Lakini imeshaamuliwa."

Alimsindikiza mpaka garini na kumshikia mlango, kwani alikuwa mtu wa adabu.

Njiani Gharib alisema, "Mama, nikitia vitambaa vipya atanyamaza. Sitaki kuvitupa bila ya wewe kusema."

Nyevu alifikiri mpaka wakapita Makadara.

"Mwache," akasema. "Angalau watu wamsikie ana akili zake."

Basi Gharib akamwacha. Wazungu wa hotelini waliacha kumwita, wakipendelea magari ya kimya. Watu wa mjini walizoea. Wengine walipofika kwao walisema "Tumekusikia," wakamwambia Gharib kwaheri, wakashuka na vikapu vyao. Nyevu naye, akichoka, alipanda mbele akazunguka na gari alasiri nzima, kapu limekaa miguuni.

Alikuwamo siku ile Mzungu wa kampuni alipolisimamisha Mwembe Tayari. Gari lake jipya lilikuwa limeharibika. Aliketi nyuma, akafungua gazeti, akasema, "Mbaraki." Kama alilitambua gari lake la zamani, hakuonyesha.

Gharib aliendesha polepole kuliko desturi yake. Alikanyaga breki kwenye kila kona, na pasipo kona alikanyaga vilevile. Tsuma alisema kila mara. Nyevu alitazama mbele tu, vidole vimelishika kapu. Walipofika lango la kampuni sauti ilitoka safi, kana kwamba kijana amesimama dirishani:

"Bwana, nipo hapa."

Mzungu alikunja gazeti. Aliinama upande wa kushoto, akategea sikio kwa makini.

"Breki hii kelele sana," alisema kwa Kiswahili chake. "Tia mafuta kidogo."

"Haya, bwana," alisema Gharib.

Mzungu akashuka. Askari wa lango alimpigia saluti, naye akaingia bila ya kugeuka.

"Breki hutiwa mafuta?" aliuliza Nyevu.

"La, mama. Ikitiwa mafuta haishiki. Gari halisimami."

Nyevu alitikisa kichwa polepole. "Nilidhani angalau atabadilika uso," akasema.

Gharib aligeuza gari. Zamu ilikuwa imetoka, na makuli walikuwa wakivuka barabara kwa makundi, vumbi la saruji nyweleni, bila ya kutazama huku wala huku. Akasimama kuwapisha, na Tsuma akasema aliyozoea kusema. Wawili watatu waliowahi kubeba naye magunia waliinua mikono kumwitikia, hawakugeuza vichwa, wakaendelea kuvuka.