Ugali wa Utawani

Renatha wa Mfaranyaki alikuwa hajui kusonga ugali, na hilo kwa binti mzima wa Kingoni ni aibu ya kufa mtu. Si uvivu. Alikuwa na kifafa, na tangu alipoangukia mafiga akiwa shule ya msingi, mama yake, Mariana, alimpiga marufuku kukaribia moto, hata wa kuchemshia chai. Sasa alikuwa akimeza dawa kila jioni, na ilikuwa zamani tangu aanguke.

Alitaka kuwa sista, akataka kwa moyo wote. "Ugonjwa usiutaje, mwanangu," mama alimwonya getini kwa masista. "Nani atapokea mtawa wa kuanguka kanisani?"

Masista wale hawakuanza na maswali. Sista Benigna, mlezi wa wanaojiunga, alimkabidhi mwiko mrefu kama mpini wa jembe. "Tusongee, binti. Tuko wengi."

Renatha akamwaga unga kwa pupa. Mabonge yakajaa sufuria, moshi ukamwingia machoni, na Sista Benigna akamganda kama kupe, amemshika ncha ya kitenge. Renatha akadhani anachungwa asiibe. Kisha hofu ikamshinda: je, akiangukia moto huu kwa ajili ya uongo?

Akaweka mwiko chini. "Sista, nina kifafa. Nyumbani sipiki. Nilitaka kuwaficha, nisamehe."

"Najua. Mama yako alikuja juzi, akalia hapa mpaka nikalia naye. Alituomba tukulinde na moto, tena tusikwambie kama alikuja. Mimi nikataka niyasikie kwako. Dawa unameza?"

"Kila jioni, Sista. Kwa hiyo narudi nyumbani?"

"Ukafanye nini? Bustani yetu haina moto. Anayetushinda ni anayeficha, akizidiwa hatujui tumpe nini. Jumapili uje na godoro lako." Sista akachungulia sufuria, akaguna. "Shida yetu leo ni huu ugali."

Renatha alifurahi. Akatoka mbio hadi getini, mama alikokuwa akitafuna ncha ya kitenge.

"Hujasema kitu?"

"Nimesema, mama. Na wewe umesema."

Mariana akajifunika uso. Mabega yakatikisika, Renatha asijue ni kilio au nini, mpaka kicheko kikamponyoka mama yake. Wakacheka wameshikana, na mlinzi akatoka kibandani kuuliza kuna nini.