Mwanga Chini ya Unyayo

Mke wa mlinzi wa ghala alikuwa akishona sare za shule, mguu mmoja kwenye kikanyagio cha cherehani, mlinzi alipoona mwanga ukitoka chini ya unyayo wa mkewe. Ulikuwa mwanga wa jua, jua kali la adhuhuri, mdogo kama kifungo cha shati. Nje mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi.

Kazi ilimzoeza mlinzi kushuku kwanza, kuuliza baadaye. Alipanda darini akakagua mabati, asione tundu. Akachungulia uvunguni. Akamtazama kwa jicho baya jirani yao fundi redio, maana mtu anayeshinda na nyaya haaminiki. Mwisho akamgeukia mkewe.

"Nani kakupa hiyo taa?"

"Taa gani? Ni jua tu," mke akajibu bila kuacha kushona. "Linaninyima usingizi, ndiyo maana nalala na soksi."

"Na hukuniambia?"

"Ungeuliza nimelitoa kwa nani."

Mlinzi akapiga magoti, akaushika mguu. Katikati ya mwanga palikuwa na doa jeusi, kingo zake zimekaa ovyo kama wino uliomwagikia kitambaa. Lilikuwepo tangu mwaka jana, mke alisema, ila dogo. Siku hizi linakua.

Kesho yake wakaenda zahanati. Tabibu aliandika dawa mke akiwa bado anavua kiatu.

"Viatu vinakubana," alisema, akikinga macho kwa kiganja. "Paka marhamu hii."

"Hujaliangalia," mlinzi alisema.

"Nimeliona."

"Haiwezi kuwa saratani ya ngozi?"

Tabibu akacheka. "Hiyo ni ya wazungu, bwana."

Mlinzi alikuwa amesimama getini miaka mingi, na aliwajua watu wanaoapa kwamba hawajabeba kitu. Marhamu aliitia mfukoni, lakini hakumwamini tabibu, wala dawa yake, wala kile kicheko. Mama mkwe akamwambia anamchuria mwanawe. Yeye akaomba ruhusa kazini, akampeleka mkewe hospitali ya rufaa, safari ya kutwa nzima kwa basi. Giza lilipoingia mke alivua kiatu apumzike, na abiria wa kiti cha pili akamwomba asogeze mguu kidogo, apate kumalizia gazeti lake.

Daktari wa ngozi hakucheka. Alilipima doa kwa rula, akakata kipande kikachunguzwe. Majibu yalipotoka akawaita.

"Ni saratani," alisema. "Humpata yeyote. Sisi wenye ngozi nyeusi hutujia zaidi chini ya nyayo na chini ya kucha, mahali tusipoangalia. Lakini mmewahi, mama. Haijasambaa."

Mlinzi alimshuku naye, akamrudia kwa maswali yale yale mpaka mkewe akamfinya. Doa likakatwa pamoja na nyama ya kando yake, na mwanga ukazimika. Mlinzi alikaa kwenye ukumbi wa nje, uso kaufunika kwa kofia ya kazi, mabega yakimtikisika, hadi muuguzi alipomwambia anaziba njia.

Kidonda kilihitaji kusafishwa, basi wakawa wanakwenda zahanati ile ile ya karibu. Foleni ilikuwa inang'aa. Mzee mmoja alikuwa na mwanga chini ya ukucha wa kidole gumba. Mama mmoja, muuza mboga, wake ulikuwa kisiginoni, ukivujia kwenye ndara. Tabibu alikuwa amenunua miwani ya jua. Kila aliyetoka chumbani kwake alitoka na marhamu.

Mlinzi akamwinamia muuza mboga. "Dada, usiishie kupaka. Nenda rufaa wakate kipande wapime. Mke wangu kapona hivyo."

Mama yule akaurudisha mguu chini ya benchi, akampandisha na kumshusha kwa macho.

"Wewe daktari?"

"Mimi mlinzi."

"Na huko rufaa wanakupa ngapi kwa kila unayempeleka?"

Mlinzi hakukasirika. Angekuwa yeye, angeuliza hivyo hivyo. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akapunga mkono, na muuza mboga akainuka upesi asipitwe. Kila alipoinua kisigino, sakafu ilimulikwa.