Sakafu ya Shemeji

Shemeji yangu ni fundi sakafu, na tatizo lake ni kwamba ni fundi mzuri. Angekuwa fundi wa kubabaisha, mambo haya yote yasingetokea. Angeziba nyufa nilizomwomba azibe, angelipua kazi, angeondoka zake. Lakini mume wa mdogo wangu si mtu wa kuziba nyufa. Mtaani wanamwita Pimamaji, kwa sababu hatoki nyumbani bila kile kipimo chake chenye tone la hewa katikati. Nimewahi kumwona akikiweka juu ya meza ya watu tuliokwenda kuwapa pole, akakitazama, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

Nyufa zenyewe zilikuwa kwenye jumba la sinema la shangazi yetu. Liko katikati ya mji, kwenye kona, na herufi za jina lake zimedondoka moja moja mpaka imebaki misumari. Shangazi alianza kwa kukata tiketi pale, akaolewa na mwenye jumba, na mumewe alipofariki akaliendesha hadi paa lilipoanza kuvuja juu ya vichwa vya watu. Tangu alifunge, kuna bwana mmoja mwenye maghala anayekuja kumsalimia kila mara, na salamu zake huishia kwenye swali lile lile: utaniuzia lini?

Mimi na mdogo wangu tulimwomba Shangazi atuachie tulifufue. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka habembelezwi. Akatupa sharti moja.

"Mtakapomaliza, jazeni watu. Mimi nitakaa kiti changu, cha nyuma kabisa, pale kwenye njia. Nikiona picha yote bila kunyoosha shingo kama kuku anayemeza maji, sinema ni yenu. Nisipoona, namkabidhi mwenye maghala, na mtu asije kunililia."

Tukakubaliana hivyo. Mafundi bati wakashika paa. Mimi kazi yangu ni kutengeneza viti. Nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua viti vya magari mabovu na kuangalia jinsi vilivyoshonwa. Nikang'oa viti vyote vya ukumbi, nikavipeleka kwenye banda langu: kukwangua kutu, kubadili sponji, kushona upya. Ukumbi ukabaki mtupu mikononi mwa Shemeji, na maagizo yangu yalikuwa mafupi: ziba nyufa, basi.

Kila nikitaka kwenda kuangalia, ananipigia simu kabla sijavaa viatu.

"Usije, Shemeji. Haijakauka. Utaniachia nyayo."

Nilidhani ni saruji ya nyufa. Nikaendelea kushona.

Siku niliyoleta viti vya kwanza, nilimkuta amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, amejaza mlango wote.

"Funga macho."

"Shemeji, nina viti kwenye gari."

"Viti havina miguu ya kukimbia. Funga macho."

Nikafunga. Akanishika mkono, akanitembeza hatua chache. Harufu ya saruji mpya ilinipanda puani.

"Fungua."

Mbele yangu kulikuwa na uwanja. Sakafu ilitoka mlangoni ikaenda hadi ukuta wa mbele bila kushuka hata kidogo, laini, inang'aa, kama maji yaliyotulia. Jukwaa lililokuwa likinifika kifuani lilikuwa limebaki kama kizingiti. Pazia jeupe la kuonyeshea picha, ambalo zamani ulilitazama kwa kuinua macho, sasa ukingo wake wa chini ulikuwa sawa na magoti yangu.

"Shemeji," nilisema taratibu, "mteremko uko wapi?"

"Nimeumaliza."

"Umeumaliza."

"Ulikuwa umezama vibaya! Kutoka hapa mlangoni mpaka kule mbele, ardhi yote imekwenda chini. Maji ya paa yamejaa kule kama bwawa la bata. Nikasema, Shemeji yangu hajaliona hili, maana akili yake yote iko kwenye viti. Wale wanaochimba barabara walikuwa wanatafuta pa kutupa kifusi, nikawaambia leteni. Nimetandika nailoni kwanza, unyevu usipande. Kifusi, nikashindilia. Zege juu. Weka kitu chochote cha mviringo hapo. Weka! Hakiendi popote."

"Sinema huwa inateremka."

"Inateremka kwenda wapi?"

"Mbele. Ilijengwa hivyo makusudi. Ili kichwa cha aliye mbele kiwe chini ya macho ya aliye nyuma."

Akacheka kwa adabu, kama mtu anayemchekea mgonjwa. "Shemeji, nani ajenge sakafu iliyolala upande makusudi, halafu alipwe?"

"Umewahi kuingia sinema?"

"Mimi? Baba alikuwa hataki kabisa. Lakini mpira naangalia kibandani, na pale sakafu..."

"Iko sawa?"

"Haiko sawa, ni aibu. Lakini haiteremki."

Nilijaribu kumwelewa, na kwa kweli nilimwelewa. Mtu ambaye hajawahi kukaa sinema, akaingia kwenye ukumbi usio na viti, akaona sakafu imeshuka na maji yametuama mbele, atafikiri nini? Hayo nilimkubalia moyoni. Kwa mdomo nikamwambia aivunje.

"Sijawahi kuvunja sakafu yangu," alisema. "Hata moja." Akatoa kitambaa mfukoni, akainama, akafuta alama ya kandambili zangu.

Jioni nilikwenda kwa mdogo wangu. Alikuwa anaosha vyombo, na alikuwa ameshaambiwa.

"Dada, tafadhali usimvunje moyo. Tangu amalize ile sakafu analala usingizi kama mtoto."

"Shangazi hataona picha."

"Mwinulie kiti."

"Kimoja?"

"Mwekee mto."

"Na wengine wote waliokaa nyuma?"

"Wewe nawe, dada! Kila kitu lazima ukitafutie kasoro." Akaniwekea sahani iliyolowa mkononi nifute. Nikafuta.

Nikaanza kutafuta njia nyingine, moja baada ya moja. Kulipandisha pazia haikuwezekana, dari ingeficha vichwa vya waigizaji. Kuinua viti vya nyuma juu ya mbao nilijaribu kwa kamba na fito, nikakuta mwanga unaotoka kwenye chumba cha mashine ya picha utapita katikati ya nywele za watu. Kila nilipopima, Shemeji alikuja kusimama pembeni na kunisaidia kushika fito, akiwa na furaha tele.

"Unaona kupima kulivyo rahisi sakafu ikiwa sawa?"

Nikamnyang'anya fito.

Watu nao walinimaliza. Mafundi bati walishuka kutoka paani wakasema sakafu kama kioo. Majirani walichungulia wakasema sasa hapa pamekuwa mahali. Halafu akaja mwenye maghala, kusalimia. Alitembea kutoka nyuma hadi mbele, akapiga kisigino, akasikiliza.

"Nani amefanya kazi hii?"

"Mimi," alisema Pimamaji.

"Lori linaweza kuingia hapa?"

"Hata mawili, yakiwa na mzigo."

"Shemeji!" nilisema.

"Sasa nimdanganye?"

Mwenye maghala akanigeukia, sura imejaa shukrani. "Unajua, dada yangu, kitu kilichokuwa kinanitisha humu ni ule mteremko. Nilikuwa nawaza nitaujaza vipi. Mmenijazia wenyewe."

Akaomba aje siku ya Shangazi kukaa. Shangazi akamwambia: njoo tu, nisisumbuke kutuma mtu kukuita.

Siku ikafika, Jumamosi mchana. Viti vyangu vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, kitambaa chekundu, na sitasema mengi juu yake ila kwamba hakikuwa na uzi uliolegea. Majirani walijaa mbele, mafundi bati na kofia zao, mwenye maghala pembeni na funguo za gari mkononi. Shangazi alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, miguu inaning'inia. Ni mfupi sana, na hajawahi kukubali hivyo. Shemeji akakaa ubavuni mwake ndani ya lile shati lake, kama bwana harusi.

Taa zikazimwa. Mzee wa mashine akawasha, na pazia lile likapata picha kwa mara ya kwanza tangu nikiwa binti. Ningelia, kama nisingekuwa na hasira.

Ilikuwa picha ya mama anayemtafuta mwanawe sokoni. Shangazi akaegemea kushoto. Akaegemea kulia. Akamgusa bega fundi bati aliyekuwa mbele yake.

"Baba, vua kofia."

Akavua. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko kofia.

"Basi irudishe."

Safu ya mbele yetu ilikuwa inayumba yote, kila mtu akitafuta upenyo kati ya vichwa viwili, na akiupata anamzibia wa nyuma yake. Shemeji naye akaanza. Akanyoosha shingo. Akakalia mguu. Mwisho akasimama kabisa.

"Kaa chini wewe!"

"Kwani wewe ni kioo?"

"Fundi, tunaangalia mgongo wako mpaka lini?"

"Sioni!" alisema Shemeji, kwa uchungu wa kweli. "Jamani, sioni!"

"Nani anaona?" mtu akamjibu gizani.

Picha ilipokwisha, Shangazi akaomba taa ziwashwe. Mwenye maghala akasimama, akajinyoosha suruali.

"Haya, mama. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema," alikubali Shangazi. "Nimekaa, nimeona visogo." Akafunga zipu ya mkoba wake polepole. Namjua Shangazi. Neno lake likishatoka halirudi.

"Subiri kwanza," alisema Shemeji. Alikuwa bado amesimama, anatazama pazia tupu. "Yule mama alimpata mwanawe?"

"Kwani wewe ulikuwa wapi?" mdogo wangu akamuuliza.

"Hapa hapa! Lakini mimi nimemwona mama kuanzia kifuani kwenda juu. Mtoto yuko chini. Kila anapotokea, yuko chini, na pale chini kuna vichwa vya watu." Akamgeukia Shangazi. "Zamani, ukikaa hapa, mtoto ulikuwa unamwona?"

"Zamani? Nilikuwa naona mpaka kamba za viatu vyake."

Shemeji alitembea kwenye njia hadi mbele, akageuka, akatutazama tulivyokaa, vichwa vyote vimelingana kama mikate kwenye sinia. Nilimwona akiinua kiganja na kukiinamisha kidogo, kidogo tena, akifunga jicho moja. Kwa mara ya kwanza alikuwa anapima kitu ambacho hakikutakiwa kulala sawa.

"Fundi, usijisumbue," alisema mwenye maghala. "Mimi nina maghala mengine, na sakafu zake zote ni balaa. Njoo ufanye kazi kwangu. Kazi ya kudumu."

Mdogo wangu akamtazama mumewe. Mimi nikatazama viti vyangu, maana sikuwa na haki ya kumtazama mtu anayeamua juu ya riziki yake.

"Sakafu zako ukiniita nitakuja," alisema Shemeji. "Hii naivunja." Akarudi nyuma hadi kwa Shangazi, akachuchumaa. "Shangazi, leo umejaribu sakafu yangu. Sinema bado hujaijaribu."

Shangazi akafikiri. Alifikiri mpaka mafundi bati wakaanza kukohoa.

"Hilo ni kweli," alisema. Akamwambia mwenye maghala, "Nenda nyumbani, baba. Nitajaribu tena."

"Lini, mama?"

"Kwani mimi ndiye fundi? Muulize yeye."

Ungedhani baada ya hapo nilipumzika. Shemeji alikwenda moja kwa moja kuchukua nyundo kubwa, akapiga pigo la kwanza kabla sijatoa hata kiti kimoja, na vumbi likatua kwenye kitambaa chekundu kama unga. Wachimba barabara walikataa kurudishiwa kifusi chao. Kikarundikwa nje mlangoni hadi watu wa usafi wa mji wakaja kutukaripia, nikakaripiwa mimi, kwa sababu Shemeji alikuwa ndani, hasikii kwa kelele za nyundo.

Ila nikubali jambo moja: ile nailoni aliyoitandika iliokoa kila kitu. Zege lilivunjika vipande vipande, kifusi kikazolewa, na chini yake sakafu ya zamani ikatoka nzima, imeshuka vilevile kama ilivyokuwa. Sasa ndipo nikaanza kupokea simu.

"Shemeji, huu mteremko wenyewe una kibonde. Katikati hapa."

"Uache."

"Nikunyooshee kidogo tu."

"Usiguse."

"Mteremko nao unatakiwa unyooke, Shemeji. Kidogo, unene wa kidole..."

"Ziba nyufa!" nilipiga kelele. Wafanyakazi wa banda jirani waligeuka wote, maana walikuwa hawajawahi kunisikia nikipaza sauti. Baadaye mdogo wangu akanipigia kuniuliza kwa nini siku hizi nimekuwa mkali.

Alipomaliza, tulijaza watu tena. Majirani wale wale, mafundi bati wale wale na kofia zao. Shangazi akapanda kiti chake, akaweka mkoba mapajani. Picha ikaanza, ile ya mama na mwanawe. Shemeji safari hii alikaa kimya, mdomo wazi, mikono imeshika kiti cha mbele.

Mimi nilisimama ukutani nikimwangalia Shangazi. Hakuegemea kushoto wala kulia. Hakumgusa mtu bega. Sura yake haikuniambia chochote. Soko likapita, mvua ikanyesha kwenye picha, watu wakacheka, wakanyamaza, na yeye mkoba mapajani vilevile. Nilivumilia nilivyoweza. Mwisho uvumilivu ukaniisha, nikaenda nikainama mbele yake.

"Shangazi, unaona?"

"Ningeona," alisema, "kama ungetoka hapo mbele."