Mama Hakusafiri

Mimi ndiye niliyemwambia mtoto kwamba mama yake amesafiri. Wifi yangu alikuwa amefariki asubuhi ile akijifungua, yeye na kichanga chake. Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, kichwa mikononi. Mtu mmoja alipaswa kwenda kwa jirani tulikomwacha mwanawe, Kasuku, na mtu huyo nikawa mimi.

Kasuku halikuwa jina lake. Tulimwita hivyo kwa sababu ya mdomo: miaka minane, maneno ya mtu wa arobaini. Akirudi shule alikusimulia siku nzima kuanzia kengele ya kwanza, na wewe unatafuta tu mlango wa kutokea. Siku ile alinikimbilia uani.

"Shangazi, mtoto ameshazaliwa?"

"Bado," nikasema. "Mama amesafiri. Amepelekwa hospitali ya mbali."

"Atarudi lini?"

"Akipona."

Basi, ikawa hivyo. Kesho yake tulizika, yeye akiwa kwa jirani anachora. Watu walipotawanyika tulikunja nguo za wifi, tukazitia kwenye sanduku na kulisukuma uvunguni, kisha tukaonyana ukoo mzima: mtoto asiambiwe, bado mdogo, ataumia. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwangalia usoni na kulitamka.

Mwezi wa kwanza aliuliza kila siku. Wa pili akawa anauliza mara moja moja. Wa tatu hakuuliza tena, wala hakusema kingine chochote. Akaanza kukojoa kitandani. Mwalimu wake aliniita akanionyesha daftari: tarehe juu, chini yake peupe, ukurasa baada ya ukurasa. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alirudi kila jioni na macho mekundu akisingizia cheche, akala, akajilaza. Mimi niliyehamia pale kuwatunza nilijikuta natembea kwa kunyata, kama niko kwenye nyumba ya watu.

Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli. Shule ilifungwa saa nane, zamu yangu iliisha saa kumi na moja, na kwa saa hizo tatu nilimwacha Kasuku kwenye maktaba ya mtaa. Kulikuwa na kona ya watoto: mkeka, rafu mbili fupi, na vitabu vya hadithi vilivyochakaa hadi vikashikwa kwa utepe. Mkutubi alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Watoto walimwita Bibi Miwani. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimsikiliza mtoto, akampa kitabu, akarudi mezani kwake.

Siku moja nilipomfuata, Kasuku alisimama katikati ya ngazi za maktaba, kitabu kifuani.

"Shangazi, mama amekufa, eti?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Kuna msichana humu kitabuni. Kwao wameficha nguo za mama yake. Watu wakija wanampapasa kichwa halafu wananyamaza. Kama sisi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ndefu ya kwanza kuisikia kutoka kwake baada ya miezi miwili. Badala ya kumjibu, nilimpokonya kile kitabu, nikapanda ngazi mbiombio na kumwakia Bibi Miwani mbele za watu.

"Unawapa watoto hadithi za vifo? Huna hata haya?"

Alivua miwani yake taratibu. "Aliniuliza kama ninacho kitabu cha mtoto ambaye mama yake harudi. Nikampa."

"Ungeniuliza mimi kwanza!"

"Nawe ungenijibuje, mama?"

Swali hilo likanichoma zaidi. Kesho yake niliandika barua ya malalamiko kwenda makao makuu ya maktaba. Niliandika kwamba vitabu vile vinawavuruga watoto, na nikawatilisha saini wazazi wengine wawili ambao hawakuwahi kukanyaga maktaba maishani mwao. Nilipoikabidhi nilitoka kifua mbele, kama mtu aliyezima moto. Kasuku nilimwambia asiwaze mambo ya vitabuni. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ukimya wake.

Kitabu kilibaki mkobani mwangu. Wiki mbili baadaye, wakati wa mapumziko ya mchana, nilikaa juu ya furushi la mashuka machafu nikakifungua, nijue hasa nilichokuwa nakipiga vita. Kilikuwa chembamba, hakifiki kurasa sitini. Nilitarajia majeneza. Nikakuta msichana aliyegombana na mama yake kwa ajili ya kusukwa nywele, na siku ileile mama akaanguka. Msichana anaamini maneno yake ndiyo yaliyomuua, na hamwambii mtu. Karibu na mwisho jirani mmoja, mshona nguo, anamweka kando na kumweleza kwamba maneno ya mtoto hayaui mtu, na kwamba mama yake alijua anapendwa hata asubuhi ile waliyogombana.

Maneno hayo yalikuwa yamepigiwa mstari kwa penseli. Pembeni, kwa mwandiko wa Kasuku ninaoujua, palikuwa pameandikwa: *Mimi nilimwambia mama sitaki mtoto mwingine humu ndani. Ndiyo maana akasafiri.*

Msimamizi aliita jina langu mara mbili kabla sijamsikia. Miezi mitano mtoto yule alikuwa amekaa na sisi, anakula na sisi, akiamini mama yake yuko mahali fulani, mzima, na amekataa kurudi kwa sababu yake. Hilo nilimpa mimi, kwa mdomo wangu. Aliyejaribu kumwondolea ni mtu aliyeandika hadithi bila kumjua, na mkutubi aliyempa bila kumhoji.

Niliomba ruhusa, nikaenda moja kwa moja kiwandani kwa kaka. Alisoma ule mwandiko akiwa bado na glavu. Akaketi chini palepale, kwenye vumbi la chuma.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi siwezi."

"Twende wote, kaka. Mimi nilishamwambia peke yangu mara moja."

Tulimkuta Kasuku anavua viatu vya shule. Kaka alipiga magoti.

"Mwanangu, mama yako alikufa. Yeye na mtoto. Alivuja damu nyingi, madaktari wakashindwa. Hakukukimbia, na wala si kwa sababu ya kitu ulichosema."

"Lini?"

"Siku ile shangazi alipokuja kwa jirani akakwambia amesafiri."

Aligeuka akanitazama. Hakulia mara moja. Alinitazama kwanza, kitambo, kisha akaangua kilio shingoni mwa baba yake. Jumapili tulimpeleka makaburini. Aliuliza maswali njia nzima: nani alimwosha, alivalishwa nini, mtoto alikuwa msichana au mvulana. Kaka alijibu kila moja.

Jumatatu nilikwenda makao makuu kuiondoa barua yangu. Ofisa alifungua jalada, akalifunga.

"Hili limeshakwisha, mama. Yule mkutubi alibakiza mwaka mmoja tu, amepumzishwa mapema. Kona ya watoto imefungwa. Tulihitaji nafasi hata hivyo."

"Nilikosea. Andika kwamba nilikosea."

"Na wale wazazi wawili nao walikosea?"

Nilimwomba anielekeze anakoishi Bibi Miwani. Akasema habari za watumishi hazitolewi.

Kasuku sikumwambia. Alhamisi alining'ang'aniza tupite maktaba, maana alitaka kitabu kingine. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Rafu zilikuwa tupu, na mahali walipokuwa wakikaa watoto palijaa viti vya plastiki vilivyopangwa hadi karibu na dari. Mlangoni walisimama wasichana wawili wenye sare, wakachungulia, wakaondoka zao.

"Vitabu viko wapi?" akauliza Kasuku. "Bibi Miwani yuko wapi?"

Uongo ulikuja mdomoni wenyewe, mtamu, umekamilika. Nikaumeza.

"Ameachishwa kazi. Ni mimi. Niliandika barua kumshtaki, kwa sababu alikupa kile kitabu."

Aliviangalia vile viti. Kisha akavaa mkoba wake vizuri mabegani, akashuka ngazi. Alitembea mbele yangu hadi nyumbani, hatua kumi hivi, na sikuthubutu kumwita.